Shini ni 300, Ya ni 10

Siku ya tatu ya Idd el Fitr, baada ya watoto kumaliza fedha zao za sikukuu kwenye mabembea ya Kariakoo ya Unguja na wakubwa kumaliza pilau iliyobaki, sisi watu saba wa familia moja tulilipa ili tufungiwe ndani ya nyumba ya watu kwa muda wa saa nzima. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 78, alipoelezwa jambo hilo aliuliza swali moja tu: mtu anayetaka kufungiwa ndani, kwa nini asibaki kwake, ambako kufungiwa hakuna malipo?

Wazo lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Unguja akakulia Leicester, na ambaye kila akija likizo huja na jambo. Safari hii alikuja na hadithi ya mchezo aliocheza London pamoja na wenzake wa kazini. Mchezo huo ulitokana na kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoanza mwaka 1990, na tangu mwaka 2016 mtu yeyote anaweza kulipa kiingilio akaucheza mwenyewe. Kikundi hukimbizwa kutoka eneo moja hadi jingine, kila eneo likiwa limepambwa kwa sura ya zama zake, kisha mmoja wao huingia chumbani kutafuta fuwele, huku wenzake wakichungulia kutoka nje na kumpigia kelele za kumwelekeza. Kila fuwele inayopatikana huwapa sekunde 5 za kukaa ndani ya kuba la vioo mwishoni, ambamo feni hupeperusha vipande vya karatasi za rangi ya dhahabu na za rangi ya fedha, nao huvidaka kama watoto wanavyodaka kumbikumbi. Za dhahabu huongeza hesabu na za fedha huipunguza. Anayechelewa kutoka chumbani hufungiwa humo, na wenzake wakitaka kumkomboa lazima watoe fuwele moja. Mdogo wangu, ambaye ni fundi seremala na mtu wa maneno machache, alisema kwamba yeye anawajua watu kadhaa ambao asingewatolea hata kipande cha chupa.

Hapa kwetu kuba la vioo sikulijua. Nilichosikia ni kwamba vijana fulani wamekodi nyumba ya zamani upande wa Kiponda kwa siku za sikukuu na kutengeneza humo vyumba vya mafumbo, mchezo ulio ndugu wa ule wa London, ambao kwa sura yake ya sasa ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, kwa bwana mmoja aitwaye Takao Kato. Watu hufungiwa, saa huanza kuhesabu, na ufunguo wa kila mlango huwa umefichwa nyuma ya fumbo. Kwa watu waliolelewa kwa vitendawili halikuwa jambo la kigeni kama mpwa wangu alivyodhani. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili, ukishindwa, unampa mtegaji mji, Bagamoyo au Mombasa, naye akikubali anakufumbulia. Kule Kiponda mji haupokelewi.

Tulishuka Darajani tukaingia mjini kwa miguu. Njiani nilikuwa nikimweleza mpwa wangu habari za Mji Mkongwe, nikamwambia kwamba uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sauti ndogo nyuma yangu ikasema, "Mwaka 2000, baba mkubwa." Alikuwa binti wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 11, ambaye nyumbani tunamwita Kinda. Nikageuka nikamwambia kwamba mtoto mwenye adabu hadakii maneno ya wakubwa. Akasema, "Samahani, baba mkubwa," akarudi kumshika bibi yake mkono. Usiku wa siku ile nilihakikisha mwenyewe. Ni mwaka 2000.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, baraza nje, daka, ukumbi wenye giza la kupendeza, na vyumba virefu vyembamba. Wajenzi wa zamani walitandika dari juu ya boriti za mikoko, na mkoko haurefuki apendavyo mwenye nyumba, kwa hiyo upana wa chumba ulitokana na boriti na si na ramani. Ninataja jambo hili kwa sababu watu saba ndani ya chumba cha upana wa boriti moja husukumana, na kwa maoni yangu kikundi cha watu wanne kinatosha kabisa. Vijana wale hawakutuambia hivyo wakati wa kupokea fedha.

Kijana msimamizi alitupa masharti: dakika 60, vyumba vinne, hakuna kuvunja wala kupanda juu ya kitu. Kila chumba kina kengele ya kuombea msaada, na msaada ni mara tatu tu. Kamera ndogo ziko kwenye pembe, na yeye atakuwa akitutazama kutoka chumba cha nje. Mama aliuliza itakuwaje mtu akishikwa na haja. Akaonyeshwa kitasa kilicho upande wa ndani, ambacho hufungua mlango wakati wowote, basi akaridhika na kuomba kiti. Kila chumba tulichoingia, mwanangu alikuwa akikibeba kile kiti, na mama akikaa karibu na mlango, akiwa ameweka mkoba wake magotini kama abiria anayesubiri boti ya Pemba.

Chumba cha kwanza kilimalizwa na mke wangu. Kulikuwa na saa ya ukutani ambayo mshale wake mfupi ulisimama kwenye 9, na mzunguko wa namba mlangoni uliotaka kujua jahazi liling'oa nanga saa ngapi. Mpwa wangu akazungusha 9. Mlango ukakaa kimya. Mke wangu akamsogeza kwa upole, kama mtu anavyomsogeza mgeni aliyesimama mbele ya jiko, akazungusha 3. Ilikuwa saa tatu asubuhi, saa ya watu wa hapa.

Chumba cha pili kilikuwa na bao limewekwa juu ya mkeka, kete zikiwa zimepangwa tayari kwa mchezo, na kufuli lisilokuwa na maelezo yoyote. Mimi na mwanangu tulianza kuhesabu kete zote, kwa kuwa tunajua kwamba bao lina mashimo 32 na kete 64, tukidhani kwamba jibu liko kwenye jumla. Mdogo wangu hakuhesabu kitu. Alichuchumaa, akaangalia kwa muda wa pumzi mbili, akasema, "Nyumba imeibiwa." Mchezo unapoanza, shimo linaloitwa nyumba huwa na kete 6, na mashimo mawili ya kulia kwake huwa na kete 2 kila moja; zilizobaki, 22 kwa kila mchezaji, huwa mkononi. Nyumba ya upande mmoja ilikuwa na kete 5. Akaingiza kidole chini ya ubao, mahali palepale chini ya ile nyumba, akaikuta kete ya sita imegandishwa kwa nta, na ndani yake ufunguo mdogo. Amekaa barazani jioni miaka thelathini akicheza bao huku shemeji akinung'unika, na jioni zote hizo zilitulipa siku ile kwa dakika nne.

Hapo umeme ukakatika. Kijana akasimamisha saa, akatuletea taa ya chemli, akaomba radhi, na baada ya muda umeme ukarudi. Tulikuwa tumetumia dakika 21 na kila mtu alikuwa akicheka. Mpwa wangu alisema kwamba tunakwenda kasi kuliko kikundi chake cha London.

Chumba cha tatu kilikuwa jiko la zamani. Mafiga matatu, kinu na mchi, ungo, mtungi na kata, pawa zimetundikwa ukutani, na chini, pembeni, mbuzi ya kukunia nazi, kibao kikiwa kimekunjuliwa na ulimi wake wa chuma umetoka mbele na meno yake. Mlango wa kutokea ulikuwa na kufuli la ufunguo wa kawaida. Juu ya rafu kulikuwa na sanduku dogo la njumu, ambalo lilikuwa na kufuli la namba tatu. Mwanangu alifungua kifumbu akakuta ndani yake karatasi iliyokunjwa, yenye mstari mmoja wa herufi za Kiarabu zilizotiwa irabu zake zote. Hakuitazama mara mbili. "Baba, hii ni yako," akasema.

Nimefundisha Kiarabu katika shule za sekondari kwa miaka 22, na sitaficha kwamba nilijisikia vizuri. Niliisogeza karatasi kwenye taa nikasoma kwa sauti na kwa makharaji yake: "Ufughuu uku shini ya buzi." Hakikuwa Kiarabu ninachokijua. Nilisema kwamba huenda neno la kwanza ni la kale, nikaliweka kando. Lakini katikati ya mstari niliona kitu nilichokifahamu. Shini ni herufi. Ya ni herufi. Na herufi, katika hesabu ya abjadi waliyoitumia wazee wetu wa falaki, zina thamani zake: alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea hadi ya, ambayo ni 10, kisha kwa makumi na mamia hadi shini, ambayo ni 300, na ghaini, ambayo ni 1,000. Niliwaeleza yote hayo. Niliyaeleza vizuri, nadhani, kwa mifano. Shini na ya ni 310, na kufuli la sanduku lina namba tatu.

Nilizungusha 310. Halikufunguka.

Nikasema kwamba neno la mwisho halikuwekwa bure. Be, wau, ze, ya: 2, 6, 7 na 10, jumla 25, ukiongeza kwenye 310 unapata 335. Nikazungusha 335. Mke wangu akataja kengele ya msaada. Nikamwambia kwamba bado hatujafika huko. Nikajaribu kuzisoma kinyume, nikajaribu kutoa badala ya kuongeza, nikamtuma mwanangu ahesabu meno ya ile mbuzi kisha nikamwita kabla hajafika kwa sababu nilikuwa nimepata wazo jingine. Kinda alikuwa amesimama kule pembeni peke yake, na mimi nilidhani kwamba mtoto amechoka.

Aliyetutoa ni mama, naye hakukusudia. Kutoka kwenye kiti chake alisema kwa sauti ya kukaripia kidogo, "Wewe Kinda, mbona unaikanyagakanyaga mbuzi ya watu?"

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Buzi," akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mbuzi." Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, ingawa yeye hawezi kusoma herufi zile kwa haraka, akaniomba niisome tena, lakini nisome kama ninazungumza. Nilisoma. Kabla sijamaliza, chumba kizima, pamoja na mpwa wangu wa Leicester, kilikuwa kimekwisha kusikia: ufunguo uko chini ya mbuzi. Kinda aliinama akaipindua. Ufunguo ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya karatasi chini ya kibao.

Ninalazimika kueleza kosa langu, kwa sababu ni kosa la mtu anayejua kitu nusu. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Waliokiandika Kiswahili kwa herufi hizo waliiandika e kama i, na o kama u, wakimwachia msomaji achague. Herufi ya ch haimo katika Kiarabu, kwa hiyo wengi walitumia shini. G haimo, wakatumia ghaini. Na m au n inayotangulia konsonanti nyingine mara nyingi hawakuiandika kabisa. Maandishi ya namna hiyo hayasomeki kwa macho peke yake. Ni lazima uyatamke na uyasikilize, na uwe tayari kwamba kinachotoka ni lugha ya mama yako. Mimi nilikuwa nikitafuta Kiarabu. Na mama yangu mwenyewe, aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu, alijifunza kuandika katika chuo cha Kurani kabla hajajua herufi za Kirumi, na barua zake za kwanza kwa dada yake aliyeolewa Wete aliziandika hivyohivyo, kwa mkono huohuo. Hakuna aliyempa karatasi. Alikuja kunikumbusha jambo hilo mara nne kabla ya kulala.

Chumba cha nne sitakieleza sana, kwa kuwa vijana wale huenda wakakitumia tena na kwa kuwa hatukukimaliza. Kulikuwa na kanga kumi na mbili zimetundikwa kwenye kamba, kila moja na jina lake, na majina hayo yalitakiwa kupangwa kama watu wawili wanaojibizana. Ni fumbo zuri kuliko yote, linalotaka utulivu na ulimi mkali, na mke wangu na mama walikuwa wameanza kulifurahia kwelikweli pale kengele ilipolia. Zilibaki kanga tatu.

Nje, kijana alituonyesha daftari lake. Chumba cha kwanza dakika 11, cha pili dakika 10, cha tatu dakika 23. Alitupa sharubati, akatusifu kwa namna wanavyosifiwa walioshindwa, kisha akanigeukia akacheka. "Mzee wangu, huyu binti ametutesa sisi tuliokuwa kwenye kamera. Dakika ya tatu tangu muingie jikoni alikwenda moja kwa moja kwenye mbuzi. Akaigusa kwa mguu, akakutazama, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Tukasema sasa atasema. Hakusema."

Nilimtazama Kinda. Alikuwa akiitazama glasi yake.

Tulikwenda Forodhani, tukala mishikaki na kunywa maji ya miwa, na huko, mbali na masikio ya yule kijana, nilimuuliza. Anasoma Kurani madrasa kila siku, kwa hiyo herufi zile anazitamka upesi, na kwa kuwa Kiarabu bado hakijui maana yake, alifanya lile ambalo mimi sikufanya, yaani alitamka kilichoandikwa na kusikiliza. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Alijibu bila ya kunung'unika hata kidogo, kama mtu anayetaja saa: "Ulikuwa bado unasema, baba mkubwa."

Kwenye meza ile kila mtu alikuwa na rai yake. Mpwa wangu alisema kwamba kule London kupiga kelele ndio mchezo wenyewe, kwamba bosi wake mwenye mvi aliambiwa na kijana wa mapokezi "Kushoto! Kushoto!" naye akaenda kushoto. Mke wangu alisema kwamba haiwezekani mtu azibe mdomo wa mtoto saa nne Darajani halafu autafute saa tano Kiponda. Mdogo wangu, ambaye ndiye baba yake, alisema kwamba yeye pia hakumtazama. Mimi nilisema, na bado naamini, kwamba sipendi mtoto anayempigia kelele mzee kana kwamba anafukuza kuku, na kwamba mpwa wangu anaweza kubaki na bosi wake. Lakini katika dakika zile zote sikuuliza mara moja, "Nani mwingine ana neno?" Darasani huuliza swali hilo kila siku, kwa sababu nalipwa. Mama alisema, "Na mimi hamkunipa karatasi."

Tangu siku ile Kinda huja kwetu kila alasiri akitoka madrasa, na bibi yake humfundisha kuandika barua kwa mtindo wa zamani, wakiwa wamejifunika kanga moja barazani na daftari katikati yao, wakicheka mambo ambayo nikikaribia hunyamaziwa. Jumamosi iliyopita niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wa kitoto na irabu zake zote. Nilisoma: "Shai iku mizani."

Shai niliijua. Iku nilikuwa nimekwisha jifunza. Mizani tunayo, ile ambayo mke wangu hupimia unga wa visheti, nayo hukaa stoo. Nilikwenda stoo nikawasha taa, nikaitazama sahani ya mizani, nikainyanyua, nikatazama chini yake, nikasogeza gunia la unga. Nilirudi kwa kupitia chumba cha kulia, nikiwa bado nimeishika karatasi. Kikombe changu kilikuwa mezani, kimefunikwa kisahani, na chai imekwisha kupoa. Upande wa pili wa meza alikuwa amekaa Kinda, daftari limefunguliwa mbele yake, amenitazama, amefunga mdomo.